Sari ya Hariri Nyumbani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na hata kule Wete na Chake Chake, sari ya hariri hukaa sandukuni miaka mingi ikingoja harusi. Siku inapotolewa, mwenyewe hukuta kitambaa kimekatika kwenye mikunjo, zari, yaani nyuzi za fedha au dhahabu zilizofumwa ndani yake, imepiga weusi, na huku na huku pana madoa ya kuvu. Lawama huangukia uzee wa sari, ilhali mara nyingi kilichoiharibu ni matunzo yaliyofanywa kwa nia njema na kwa maelezo yasiyo sahihi.

Wapo wanaoamini kuwa sari ya hariri haifuliwi nyumbani kabisa. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya sari tu: zenye zari nzito, kama zinazofumwa Varanasi na Kanchipuram kule India, zenye shanga au darizi, na zile zinazochuja rangi. Hizo ni za kupelekwa kwa dobi anayesafisha kwa dawa bila ya maji. Sari nyepesi isiyo na mapambo hufulika vizuri ndani ya beseni, ila ijaribiwe kwanza: pindo la ndani, lile linalochomekwa kiunoni, litiwe matone ya maji, kisha likandamizwe kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kikipata rangi, sari isitiwe majini.

Dhana inayoharibu sari nyingi zaidi ni ile isemayo kuwa sabuni ni sabuni. Uzi wa hariri ni protini, kama ulivyo unywele wa mwanadamu, na protini haistahimili magadi. Sabuni ya mche ina magadi ya kutosha kuufifiza mng'ao wa hariri na kuufanya uzi ukakamae. Sabuni nyingi za unga zina pia vimeng'enya vilivyowekwa makusudi ili vivunje madoa ya damu na maziwa, yaani madoa ya protini, navyo havibagui kati ya doa na uzi wenyewe. Ama jiki, hiyo huyeyusha hariri, kwa hiyo haifai hata kwa sari nyeupe. Kinachofaa ni shampuu laini kidogo katika maji baridi, dakika chache bila ya kusugua, kisha kusuuza mpaka povu liishe.

Wengine hutia chumvi nyingi kwenye maji ya kwanza wakiamini kuwa inashika rangi. Chumvi hutumika viwandani pamoja na baadhi ya rangi za pamba wakati wa kutia rangi, lakini haizuii sari iliyotiwa rangi vibaya isichuje. Zaidi ya hayo, chumvi inayobaki kwenye hariri huidhoofisha, na ndiyo sababu jasho nalo ni adui wa sari. Kijiko cha siki nyeupe katika ndoo ya maji ya kusuuzia kina manufaa yake, kwani huondoa mabaki ya sabuni na kurejesha mng'ao, ingawa siki nayo haiponyi rangi inayochuja. Visiwani petu lipo jambo jingine la kuzingatia: sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa inayoganda na sabuni na kuacha utando juu ya nguo. Anayekinga maji ya mvua wakati wa masika ayawekee sari yake akiba.

Baada ya kufuliwa, sari isikamuliwe, maana hariri ikiwa majimaji hupoteza sehemu ya nguvu zake. Izungushwe ndani ya taulo kavu, ibonyezwe, kisha ianikwe kivulini penye upepo. Jua halikazi rangi ya hariri kama wengine wanavyodhani, bali huififisha, na uzi huwa wa kukatika. Pasi nayo iwe ya moto mdogo, upande wa ndani.

Doa la biriani linahitaji uangalifu wa peke yake. Desturi ni kukimbilia bombani na kipande cha sabuni, na papo hapo doa la njano hugeuka jekundu, kwa sababu rangi ya bizari ya manjano hubadilika inapokutana na magadi. Wengi hudhani sari imeungua. La sahihi ni kufyonza mafuta kwa kitambaa kikavu bila ya kusugua, kunyunyiza poda na kuiacha kwa saa kadhaa, kisha kuipangusa taratibu. Doa likibaki, dobi aelezwe bayana kuwa ni la manjano.

Katika kuhifadhi, wengi huamini kuwa mfuko wa nailoni huikinga sari. Kwa hali ya hewa yetu huo ni mtego: unyevu uliomo haupati pa kutokea, na kuvu hupata makazi. Sari ivishwe shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kukauka barabara. Vidonge vya nafthalini visiiguse zari, na kuifukiza udi sari ya zari kila inapowekwa, japokuwa ni mapenzi ya asili kwetu, huacha moshi na mafuta kwenye nyuzi. Marashi na halwaridi vipakwe mwilini na vikauke kabla ya sari kuvaliwa. Fedha iliyomo katika zari halisi hupiga weusi kwa salfa na unyevu, na weusi huo hautoki kwa kufua.

Sari iliyovaliwa ipungwe na upepo usiku kucha kabla ya kukunjwa, jasho likauke. Kisha kila baada ya miezi mitatu hivi, hasa siku kavu za kipupwe na za kaskazi, itolewe, ianikwe ndani kwa saa chache, na ikunjwe kwa mistari mipya, kwa kuwa uzi unaokunjwa pale pale kila mara ndio unaokatika.