Swichi ya taa siku hizi haibebi umeme wa taa

Zamani umeme wa taa za gari ulipita kwenye swichi yenyewe au kwenye relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), ukaenda kwenye balbu. Fundi mwenye testa alifuata waya hadi akakuta penye kasoro. Katika magari mengi ninayofungua sasa, swichi inapeleka taarifa tu kwa kompyuta ya bodi, ile inayosimamia taa. Anayefungulia taa umeme ni transista ya MOSFET, yaani swichi ya kielektroniki, iliyomo ndani ya kompyuta hiyo, na transista hiyo inapima mkondo unaopita. Ukizidi, inafunga.

Kupima huko kuna ugumu wake. Balbu ya indiketa ya wati 21 hula ampea 1.75 hivi kwa volti 12, lakini ikiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi tu, hivyo ikiwashwa mkondo huruka ghafla. Kompyuta imepangwa kuuvumilia mruko huo bila kudhani ni shoti, na pia imepangwa kujua balbu nzima inakula kiasi gani. Ukiweka LED ya wati 3, inahesabu kuwa balbu imekufa: indiketa inakimbia (inapepesa harakaharaka), onyo linawaka kwenye dashibodi. Wengi hutibu kwa rezista ya ohmu 6 iliyofungwa sambamba na LED, ili mkondo ufanane na wa balbu. Inafanya kazi, ila kwa volti 14 inageuza karibu wati 33 kuwa joto, na nimeshaona plastiki zilizoyeyuka. Siipendi.

Kinachowachanganya mafundi zaidi ni mita. Kompyuta nyingi huwasha na kuzima umeme wa taa mara 100 au zaidi kwa sekunde. Betri ikichajiwa kwa volti 14.4, na kompyuta ikitaka balbu ing'ae kama iliyo kwenye volti 13.2, huacha umeme upite asilimia 84 tu ya muda, kwa kuwa nguvu ya balbu hufuata mraba wa volti (13.2 kwa 14.4, mraba). Mita ikiwa kwenye DC husoma wastani, yaani volti 12.1, na fundi anaanza kuvua mazulia akitafuta waya uliooza. Balbu ya breki inayotumika pia kama taa ndogo ndiyo kichekesho: ikipewa asilimia 10 ya muda, mita inasoma volti 1.44, na hakuna kilichoharibika.

Kwa sababu hiyo sichomei relei ya spotlaiti kwenye waya wa taa za full kabla ya kupima. Umeme wa kukatikakatika huifanya relei itetemeke na kulia mpaka kontakti zake ziungue.

Kwa trela, funga moduli yake, yaani kisanduku cha kielektroniki cha taa za trela. Inasoma waya za taa kwa mkondo mdogo sana, kisha inalisha trela kwa waya mnene unaotoka betri, wenye fyuzi. Ukiunga taa za trela moja kwa moja, kompyuta inaweza kuona mkondo umezidi na kufunga njia ile. Baadhi ya magari huhesabu shoti hizo. Zikifika kikomo, njia haifunguki tena hata trela ikiondolewa, mpaka hesabu ifutwe kwa mashine ya dayagnosi.