Kijerumani cha Dakika Kumi kwa Siku: Dhana Potofu na Ukweli

Mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin Septemba 2024 uliwapa vijana wengi sababu mpya ya kujifunza Kijerumani, na asiyemudu karo ya darasa huanzia kwenye simu, kwa programu kama Duolingo. Programu hizo zina manufaa yake, ila zimezungukwa na imani ambazo zinaweza kumgharimu mtu ada nzima ya mtihani.

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba dakika chache kila siku, zikidumishwa mwaka mzima, humfikisha mtu kwenye ufasaha. Tupige hesabu. Dakika 5 kwa siku ni takriban saa 30 kwa mwaka, na dakika 10 ni takriban saa 61. Taasisi ya Goethe, inayofundisha na kutahini Kijerumani, hukadiria kwamba ngazi ya A1, iliyo ya chini kabisa kati ya ngazi 6 za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, huhitaji vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, yaani saa 60 hadi 150. Kwa hiyo mwenye bidii ya dakika 10 humaliza mwaka akiwa ndiyo kwanza anaukaribia mlango wa A1, ilhali muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2, ngazi ya nne.

Wengine huitazama ile namba ya siku mfululizo za kujifunza ambayo programu huwaonyesha, wakaiona kuwa kipimo cha ujuzi. Somo la kurudia salamu alizozijua mtu tangu wiki ya kwanza huiongeza namba hiyo sawasawa na somo jipya kabisa, na zipo njia za kuilinda isikatike hata siku ambayo programu haikufunguliwa. Ni daftari la mahudhurio tu, na kila mwalimu amewahi kuwa na mwanafunzi asiyekosa kipindi wala kuelewa somo.

Dhana inayowaangusha wengi zaidi ni ile ya kudhani kwamba anayepata jibu sahihi kwenye skrini ataweza pia kulitamka mbele ya mtu. Mazoezi mengi ya simu humpa mwanafunzi maneno tayari, naye huyachagua au kuyapanga. Katika mtihani wa A1 wa Goethe hakuna maneno ya kupanga: mtahiniwa huandika ujumbe mfupi wa maneno yapatayo 30, husikiliza matangazo yanayosomwa mara moja tu, kisha hujitambulisha kwa sauti, hutaja namba na kuombwa kutaja herufi za neno, kwa mfano jina lake. Hapo kwenye herufi ndipo penye mtego. Irabu za Kijerumani A, E na I hutajwa karibu sawa na za Kiswahili, lakini sisi tuliosoma shule tumezoea kutaja herufi kwa Kiingereza. Mtahiniwa aitwaye Neema akifanya hivyo, Mjerumani atasikia N, I, I, na jina litakaloandikwa halitakuwa lake.

Hata hivyo, wanaosema kwamba programu hizi ni mchezo mtupu nao wamekosea. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yaliyorundikwa pamoja. Ndiyo maana dakika 10 kwa siku 6 hufaa kuliko saa nzima ya Jumamosi, hasa kwa msamiati. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyekulia kwenye ngeli, hashangazwi na lugha inayogawa nomino katika makundi. Kinachomtatiza ni kwamba nomino ya Kijerumani mara nyingi haionyeshi kundi lake kwa umbo, hivyo hana budi kukariri kila moja pamoja na der, die au das yake, yaani kineno kinachoitangulia na kuonyesha kundi lake. Kazi hiyo ya kuchosha simu huifanya vizuri sana.

Kuhusu wanaoamini kwamba kulipia ndiko kunakoharakisha mambo, kifurushi cha kawaida cha kulipia huondoa matangazo ya biashara na vikomo vya matumizi, huku masomo yakibaki yale yale. Fedha hizo zingefaa zaidi kulipia saa chache za mazungumzo na mwalimu kabla ya mtihani.