"Naenda na Gari Tu": Dhana Potofu Kuhusu Safari ya Siku Moja Kwenye Geiza za El Tatio

Wasafiri wengi wanaofika katika kliniki ya wasafiri ninakofanya kazi, jijini Dar es Salaam, huja kwa ajili ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi ikishagongwa muhuri huaga. Wale wanaoelekea Chile huitaja El Tatio wakiwa wamekwisha kusimama: asubuhi moja watatoka mji wa San Pedro de Atacama, watatazama geiza, yaani chemchemi za maji moto yanayoruka kutoka ardhini, na kabla ya adhuhuri watakuwa wamerudi hotelini. Ninapowauliza wamejiandaaje kwa mwinuko, jibu huwa ni lile lile: "Daktari, mimi sipandi mlima, naenda na gari tu." Nimechoka kulisikia, na kwa kuwa mazungumzo ya mlangoni hayatoshi kulijibu, ninalijibu hapa kwa urefu.

El Tatio iko kaskazini mwa Chile, karibu na mpaka wa Bolivia, takribani mita 4,320 juu ya usawa wa bahari. Ni uwanja wa geiza wa tatu kwa ukubwa duniani, baada ya Yellowstone nchini Marekani na Bonde la Geiza la Kamchatka nchini Urusi, na hakuna ulio mkubwa kuushinda katika nusu ya kusini ya dunia. San Pedro, ambako wageni hulala, iko kwenye mita 2,400 hivi, sawa na Iten kwa wanaoijua Kenya. Basi dogo huwachukua wageni hotelini kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, na baada ya muda unaokaribia saa mbili huwashusha kwenye uwanja wenyewe. Katika muda huo, mtu aliyekuwa akisinzia kwenye kiti amepandishwa mita 1,900.

Hesabu hiyo ilinganishwe na Kilimanjaro, mlima ambao kila mteja wangu huuheshimu. Kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Horombo, kilicho kwenye mita 3,720, mpandaji huinuka mita 1,850 hivi, na kazi hiyo huifanya kwa siku mbili, akilala Mandara katikati, huku mwongozaji akimwimbia "pole pole" tangu asubuhi hadi jioni. Wengi huongeza siku nzima pale Horombo ili mwili uzoee kabla ya kuendelea. Mgeni wa El Tatio huinuka kiasi hicho hicho na zaidi kidogo kwa saa mbili, huanzia mahali pa juu zaidi, na humaliza mita 600 juu ya Horombo. Kwa hiyo gari analolitaja mteja kama kinga yake ndilo hasa linalomweka hatarini, kwa sababu kinacholeta ugonjwa wa mwinuko kwa kiwango kikubwa ni kasi ya kupanda, wala mwili hautofautishi kama umepandishwa na miguu au na injini.

Sababu yake si ngumu. Hewa ya El Tatio ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya Kariakoo, lakini mgandamizo wa hewa pale ni takribani asilimia 60 tu ya ule wa pwani, na hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Mwili hujibu papo hapo kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi. Kupumua huko hutoa kabonidioksidi nyingi kupita kawaida, damu inapungua asidi, na ubongo unaanza kuzuia pumzi zisiongezeke. Figo ndizo zinazofungua kizuizi hicho, kwa kutoa bikaboneti, yaani kemikali inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, lakini figo hufanya kazi hiyo kwa siku kadhaa. Hakuna nguvu za misuli, hakuna maombi, wala hakuna kiti cha mbele kwenye basi kinachoweza kuziharakisha.

Wapo wanaonijibu kwamba rafiki yao alikwenda na hakupatwa na lolote. Ni kweli kwamba wengi hurudi salama, na sitaki kumtisha mtu bure. Ziara yenyewe ni fupi, na kushuka ndiyo tiba kuu ya ugonjwa huu. Ndiyo maana hatari kubwa zaidi, yaani mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba, si za kawaida kwa mtu aliyekaa juu saa chache kisha akarudi kulala San Pedro. Hata hivyo, dalili za kwanza huchukua saa kadhaa kujitokeza, na hapo ndipo watu hujidanganya. Kichwa huanza kugonga wakati wa kurudi, kichefuchefu hufuata, chakula cha mchana hakipiti, na msafiri hulaumu mayai aliyoyala kwenye kifungua kinywa pale uwanjani. Anasimulia habari za mayai mabaya hadi anarudi nyumbani, na mwaka unaofuata anamshauri ndugu yake aende vile vile, ila asile mayai.

Wanaoumia kweli ni wale waliotua kwenye uwanja wa ndege wa Calama jana mchana wakitoka Santiago, mji ulio chini ya mita 600, na leo alfajiri tayari wamo kwenye basi. Wengine ni wale walioamka San Pedro na maumivu ya kichwa wakaona aibu kuahirisha kwa kuwa fedha zimeshalipwa. Mlimani, mpandaji akizidiwa, mwongozaji humteremsha pamoja na msaidizi mmoja, na kundi likaendelea. Ndani ya basi la watalii kumi na watano ambao kila mmoja amelipia macheo yake, mgonjwa husubiri mpaka wote wapige picha. Ninawasihi wateja wangu wamuulize wakala maswali mawili kabla ya kulipa: je, gari hubeba mtungi wa oksijeni, na mtu akizidiwa nani atamteremsha, kwa gari gani?

Ushauri wangu mkuu, ambao ninaurudia kwa kila mtu na sitauacha, ni kwamba El Tatio iwe ya mwisho katika ratiba. Siku ya kwanza San Pedro iwe ya kupumzika na kutembea mjini. Siku ya pili iende Valle de la Luna au kwenye maziwa ya chumvi yaliyo tambarare, mahali ambapo mwinuko haupishani sana na ule wa mji. Baada ya hapo, akipenda, msafiri atazame maziwa ya Miscanti na Miñiques yaliyopita mita 4,000, mchana na bila haraka, na ndipo afuate geiza. Usiku wa kuamkia safari asinywe pombe wala asimeze vidonge vya usingizi, kwa kuwa vyote hupunguza upumuaji wakati mwili unauhitaji uongezeke. Akiamka na kichwa kinauma, abaki kitandani. Fedha ya basi imekwisha kupotea; asiitumie kama sababu ya kupanda.

"Mimi nimefika kilele cha Uhuru." Hongera, lakini mazoea ya mwinuko hufifia ndani ya wiki chache, na aliyesimama mita 5,895 mwaka jana anakwenda Chile na mwili ule ule wa Mbezi. Kitu chenye faida kutoka mlimani ni historia: kama uliugua pale kwa mwendo wa pole pole, kuna uwezekano mkubwa utaugua kwa mwendo wa basi. Anayeishi Nairobi au Iten hufika na unafuu fulani, ila unafuu huo hauendi hadi mita 4,320.

Vijana wa mazoezi nao huniambia kwamba wana pumzi ya kutosha. Uimara wa mwili haukingi dhidi ya ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji wa marathoni na karani asiyetembea huugua kwa kiwango kile kile, na mara nyingine mkimbiaji huwa mbaya zaidi kwa sababu hujilazimisha kukimbilia geiza inayofuata wakati kila mtu ameambiwa atembee taratibu.

Kuhusu maji, kunywa kwa kiasi cha kiu na kidogo zaidi kunafaa, kwa kuwa hewa ya jangwa la Atacama ni kavu mno na ukosefu wa maji huleta kichwa kinachofanana na cha mwinuko. Kunywa lita juu ya lita hakuzuii chochote, na kukizidi hupunguza chumvi katika damu, jambo lenye hatari yake. Chai ya majani ya koka ni desturi ya kale ya watu wa Andes na inastahili heshima, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inakinga, na anayepimwa mkojo kazini ajue kwamba kikombe kimoja kinaweza kuleta jibu la kokeini. Majani yenyewe yasiingie kabisa kwenye begi la kurudi nyumbani. Vikopo vya oksijeni vinavyouzwa madukani hutoa nafuu ya dakika chache na kuisha.

Dawa ya asetazolamidi, inayokinga ugonjwa wa mwinuko, husingiziwa kwamba huficha dalili hadi mtu aanguke. Dawa hii haifichi. Huzisukuma figo zitoe bikaboneti mapema, yaani huharakisha kazi ile ile ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Kwa mtu mzima kipimo cha kukinga kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa maelekezo ya daktari wake. Vidole vitawashawasha, mkojo utaongezeka, na soda itapoteza ladha yake. Aliyewahi kudhurika vibaya na dawa za salfa, kama Septrin au zile za malaria zenye salfa, lazima aseme kabla ya kuandikiwa.

Dhana mbili zinahusu geiza zenyewe. Ya kwanza ni kwamba huruka alfajiri tu, na ndiyo inayowakosesha watu usingizi usiku ambao wangeuhitaji zaidi. Geiza huendeshwa na joto la chini ya ardhi, ambalo halijui saa. Geiza moja ya El Tatio iliyofuatiliwa na wanasayansi ilirusha maji kila baada ya dakika mbili na sekunde chache, mchana na usiku. Kinachobadilika ni mvuke, ambao huonekana mnene na mrefu wakati hewa ina baridi kali, na alfajiri za Juni hadi Agosti baridi hiyo hufika nyuzi 10 chini ya sifuri au kupita hapo. Anayepiga picha ana sababu ya kuwahi. Mwenye presha, mzee au mtoto anaweza kupanga gari la baadaye kidogo, jua likiwa limetoka, na asikose maji.

Ya pili ni kwamba maji yanayochemka mahali pa juu hayaunguzi. Pale El Tatio maji huchemka kwenye nyuzi 86 badala ya 100, na maji ya nyuzi 60 tayari huunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde chache. Wageni wamewahi kutumbukia na kufariki. Ukoko wa ardhi ulio kando ya mashimo ni mwembamba, barafu ya asubuhi huufanya uteleze, na kizunguzungu cha mwinuko hakimsaidii mtu kukaa imara. Mawe yaliyopangwa kama mpaka yasivukwe hata kwa hatua moja.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo vitabu vya mwongozo kutoka Ulaya hulipita kwa mstari mmoja, ilhali kwetu ni la nyumbani. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande El Tatio, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa. Mwenye kurithi nusu, yaani AS, ambaye maisha yake yote ameishi bila tatizo, anaweza kwenye mwinuko kama ule kupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako wengu umekosa damu, na hospitali iliyozoea wagonjwa wa asili nyingine inaweza isilifikirie jambo hilo haraka. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa na wa pwani wana hali hii bila kujua. Mwenye moyo mgonjwa, pumu isiyotulia au mimba kubwa naye azungumze na daktari wake kwanza. Kipimo cha selimundu ni cha damu kidogo tu, kinaweza kuchukuliwa siku ile ile ya chanjo ya homa ya manjano, na majibu yawe mkononi kabla ya tiketi ya Calama kulipiwa.