Usifiche Ugonjwa wala Kesi: Kwa Vijana Wetu Wanaojiunga na Jeshi la Marekani

Kila mwaka vijana wanapomaliza sekondari hapa Marekani, malalamiko huwa yaleyale. Kijana ameshaaga na familia imeshapika, kisha anarudishwa kutoka MEPS, kituo kinachochunguza afya na sifa za wanaotaka kujiunga na jeshi, au baada ya wiki chache anarudi kutoka mafunzoni akiwa na karatasi ya kuachishwa. Nyumbani jambo la kwanza kusemwa ni kwamba amebaguliwa kwa jina lake au kwa lafudhi. Hatusemi ubaguzi haupo. Lakini faili likifunguliwa, mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko hiyo: fomu aliyosaini inasema hivi, na rekodi ya hospitali au ya polisi inasema vile.

Makala haya ni kwa wenye uraia na wenye grini kadi wanaofikiria kujiandikisha, pamoja na wazazi wao. Ni elimu ya jumla, si ushauri wa kisheria juu ya kesi ya mtu mmoja.

Tuanze na lililobadilika, kwa sababu wengi bado wanaishi na habari za kaka zao walioingia zamani. Zamani MEPS ilitegemea zaidi maneno ya mwombaji mwenyewe. Asiposema, aghalabu hakuna aliyejua. Tangu 2022 vituo hivyo vinatumia mfumo wa kompyuta uitwao MHS Genesis, ambao umeunganishwa na mitandao ya kubadilishana taarifa za hospitali na maduka ya dawa ya kiraia. Daktari wa MEPS anaweza kuona kwamba ukiwa na miaka 15 uliandikiwa dawa ya kuvuta ya pumu, hata kama ulishaitupa chupa na kusahau. Kwa hiyo ule ushauri wa «usipotaja hawatajua» umepitwa na wakati, na anayeutoa hatakuwa na wewe siku ya kujibu.

Maswali ya afya yamo kwenye fomu DD 2807-2, inayojazwa kwa afisa usajili na kutumwa MEPS kabla hujafika. Maswali ya polisi, mahakama na dawa za kulevya yamo kwenye DD 1966, na tena kwa urefu zaidi kwenye SF-86, ile ya uchunguzi wa usalama. Alama zako za vidole hupelekwa FBI. Daktari atakuuliza tena ana kwa ana, utaulizwa tena siku ya kuondoka, na matawi mengine ya jeshi huuliza mara ya mwisho ukishafika mafunzoni. Watu hulalamika kwamba maswali yanarudiwa mno. Yanarudiwa kwa makusudi, ili majibu yalinganishwe.

Sasa magonjwa. Kigezo ni kanuni iitwayo DoDI 6130.03, inayotumika kwa matawi yote. Pumu ya utotoni iliyokwisha kabla ya kutimiza miaka 13 si kizuizi kwa yenyewe. Dalili au dawa za pumu baada ya umri huo ni kizuizi mpaka upate ruhusa maalumu. Aliyefanyiwa upasuaji wa macho wa leza husubiri siku 180. Sonona huangaliwa kwa muda: matibabu ya nje yaliyozidi miezi 12 kwa jumla, au dalili na tiba ndani ya miezi 36 iliyopita, hukuzuia kwa kigezo cha kawaida. Aliyewahi kujidhuru au kujaribu kujiua amezuiwa, haijalishi ni lini. Kwa ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, huangaliwa, pamoja na mengine, kama umetumia dawa ndani ya miezi 24.

Neno «kuzuiwa» linawatisha watu kuliko inavyopasa. Daktari wa MEPS kazi yake ni kulinganisha hali yako na kigezo. Yeye hatoi ruhusa maalumu. Ruhusa hiyo hutolewa na mamlaka ya afya ya tawi unaloliomba, na Jeshi la Nchi Kavu linaweza kukubali kile ambacho Jeshi la Majini limekataa. Wapo wanaopata, wapo wasiopata. Lakini ruhusa huombewa kitu kilichotajwa. Kilichofichwa hakina pa kuombewa.

Kifua kikuu kinahitaji maelezo ya pekee kwa jamii zetu, hasa waliopitia kambi za wakimbizi. Wengi tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, kovu bado liko mkononi. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe uvimbe hata kama huna maambukizi. Kipimo cha damu hakichanganywi na BCG, kwa hiyo kiombe. Kama kipimo cha damu nacho kilionyesha maambukizi yaliyolala, jambo linaloangaliwa ni moja: ulimaliza dawa au hukumaliza? Kuna tiba ya vidonge mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kuna ya miezi 4, kuna ya miezi 6 au 9. Aliyemaliza na ana barua ya idara ya afya kuthibitisha ana pa kusimamia. Aliyeacha njiani aende amalize kwanza. Na asiseme «hayo yalikuwa kambini Nyarugusu, Tanzania, hapa hawana habari». Kila mkimbizi huchunguzwa afya kabla ya kupanda ndege, mwenye miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua, na matokeo hubaki kwenye faili lake la uhamiaji.

Upande wa sheria, kosa tunalokutana nalo zaidi ni imani kwamba kesi iliyofutwa haipo. Jaji alikwambia rekodi imefutwa au faili limefungwa, na wakili wako akakwambia unaweza kujibu «hapana» ukiulizwa na mwajiri. Kwa duka la viatu, huenda ni kweli. SF-86 inasema waziwazi utaje hata iliyofungwa, iliyofutwa au kutupiliwa mbali. Kuna msamaha mmoja mwembamba unaohusu hukumu fulani za dawa za kulevya chini ya sheria ya shirikisho, na ukidhani unakuhusu mwonyeshe wakili kwanza. Kukamatwa kwa kawaida huulizwa kwa miaka 7 iliyopita, lakini makosa makubwa ya jinai, ya silaha, ya pombe na dawa za kulevya huulizwa kwa maisha yako yote. Faini ya barabarani chini ya dola 300 isiyohusu pombe wala dawa za kulevya haihitaji kutajwa humo. Kuendesha gari umelewa si «faini ya barabarani», tafadhali. Usiku mmoja katika selo ya kituo cha polisi Nairobi ndani ya miaka hiyo 7 nao ni kukamatwa. Cheti cha tabia njema hakiufuti.

Yapo mambo mawili ambayo hata ukweli hauyafungulii mlango kwa sasa. Aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kama ni kosa dogo, sheria ya shirikisho ya 1996 inamkataza kumiliki silaha, na askari bila silaha hayuko. Na aliye na kesi inayoendelea au aliye katika kifungo cha nje husubiri kimalizike. Ile hadithi ya jaji kumwambia kijana achague jela au jeshi siku hizi ni ya sinema. Jeshi halimpokei mtu kwa njia hiyo.

Adhabu. Kifungu cha 104a cha sheria ya kijeshi, UCMJ, kinamhusu aliyejua ukweli kuhusu sifa zake, akadanganya au kuuficha kwa makusudi, kisha akapokea mshahara au posho. Hapo kwenye «posho» ndipo wengi wanapokosea. Chakula, sare, malazi, hata usafiri uliolipiwa na serikali, vinahesabiwa kuwa posho. Kosa linaweza kuwa limekamilika kabla hujaona mshahara wa kwanza. Adhabu ya juu kabisa ni kufukuzwa kwa fedheha, kupoteza mishahara na posho zote, na kifungo cha miaka 2. Mbali na hiyo, onyo lililochapishwa kwenye fomu ya afya linataja hadi miaka 5 gerezani au faini ya dola 10,000, au vyote viwili, kwa kauli ya uongo. Kwa vitendo, kesi nyingi huishia kwenye kuachishwa kiutawala: sababu inaandikwa kuwa ni kuingia kwa udanganyifu, unapewa namba inayoweza kukuzuia kurudi tawi lolote, na kama ulilipwa bonasi, unaweza kudaiwa.

Kwa mwenye grini kadi hasara haiishii hapo. Anayepata uraia kupitia utumishi wakati wa vita, kipindi ambacho kisheria kinahesabiwa tangu Septemba 2001, anaweza kunyang'anywa uraia huo akiachishwa kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wenye heshima.

«Lakini afisa usajili ndiye aliyeniambia nisiandike.» Tunalisikia mno. Anayemwandikisha mtu huku akijua hafai ana kifungu chake, 104b, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 5, zaidi ya yako. Hilo halikutoi wewe, kwa sababu saini ni yako. Kumwambia kwa mdomo si kutangaza. Soma fomu mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na kama jibu lako «ndiyo» limegeuzwa kuwa «hapana», usisaini.

Usichokijua hukukificha. Kama ini lako lina virusi vya hepatitisi B na hukuwahi kupimwa, ugonjwa unaweza kukuzuia, lakini si udanganyifu.

Matayarisho yaanze miezi mitatu kabla ya kumwona afisa usajili. Omba hospitali nakala za rekodi zako. Kisheria zina siku 30 kukujibu, na zinaweza kuongeza 30 nyingine. Kwa upasuaji omba ripoti ya daktari aliyepasua, maana kovu na maneno yako havitoshi. Duka la dawa likuchapishie orodha ya dawa zako. Kwa kila kesi, hata iliyofutwa, chukua kwa karani wa mahakama nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, na barua ya kumaliza kifungo cha nje kama kilikuwepo. Rekodi yako ya FBI unaweza kuiomba mwenyewe kwa dola 18. Angalia majina pia: mtu aliyeandikwa Mwajuma kambini, Mwanajuma hospitalini na jina la babu mbele kwenye grini kadi, aorodheshe yote pale SF-86 inapouliza majina mengine. Rekodi isiyooana kwa herufi moja huonekana kama iliyofichwa.

Ukishasaini na unangoja siku ya kuondoka, hujafungwa bado. Kipya kilichotokea, iwe ni mguu kuvunjika au polisi kukusimamisha, kipeleke kwa afisa usajili kwa maandishi.

Na aliyeshaapa, yuko kambini, na alificha? Asikimbilie kuungama kwa sajenti wake, wala asiandike maelezo yoyote kwanza. Kifungu cha 31 cha UCMJ kinampa haki ya kunyamaza anaposhukiwa. Kila tawi lina mawakili wa utetezi wa kijeshi, ni bure, na mazungumzo nao ni siri. Aanzie huko. Ila kama alichoficha ni pumu au mzio mkali, dalili zikimshika aende zahanati siku hiyohiyo. Mazoezi ya chumba cha gesi ya machozi hayamsubiri wakili.