Si kwamba hawapendi kazi ya maktaba
Juzi barazani hapa Lamu, kahawa ikizunguka, kijana mmoja alisema: "Marekani wakutubi weusi ni wachache kwa sababu hawapendi vitabu." Sivyo kabisa. Kule kazi nyingi za ukutubi hudai shahada ya uzamili, nayo karo yake ni nzito, ilhali mshahara unaofuata si mkubwa hivyo. Mlango umebana kabla tangazo la kazi halijatoka. Ndiyo maana mwaka 1997 chama cha maktaba cha Marekani kilianzisha ufadhili wa Spectrum kwa wanafunzi wa jamii zilizo chache katika fani hiyo. Wapo wanaodhani huko ni kushusha viwango. Lakini mfadhiliwa husoma shahada ileile.

Na faida ya kuwa na mkutubi anayetoka katika jamii anayoihudumia sisi tunaijua. Fikiria bibi anafungua kanga, anatoa utenzi wa marehemu babake: Kiswahili kwa hati za Kiarabu, pembe zimeliwa na mchwa. Mkutubi asiyeijua hati ile ataandika "kitabu cha dini, Kiarabu", akifungie kabatini. Aliyesomea chuo cha Kurani mtaani Langoni, hapa Lamu, ataanza kuusoma kwa sauti, na bibi atamsahihisha.