Albamu ya Mkusanyiko wa Vibao: Maana Yake na Jinsi Inavyoundwa

Kwa kawaida jalada la albamu hubeba jina la mwimbaji au bendi. Katika albamu ya mkusanyiko wa vibao, mahali pa jina hilo huandikwa "Wasanii Mbalimbali". Ni albamu inayokusanya nyimbo za waimbaji na bendi tofauti, ambazo kila moja ilikwisha kutoka kivyake, ikapigwa redioni na kushika chati za mauzo, kisha ikauzwa tena pamoja na nyimbo nyingine zilizotamba msimu uleule. Aghalabu hakuna hata wimbo mmoja uliorekodiwa kwa ajili ya albamu hiyo. Mnunuzi hulipia uteuzi na mpangilio.

Isichanganywe na mkusanyiko wa nyimbo bora za msanii mmoja, ambao hupitia kazi yake ya miaka mingi, wala na albamu ya nyimbo za filamu. Hapa nyimbo huunganishwa na wakati tu: wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu unaweza kufuatwa na disko au roki, kwa sababu zote zilivuma miezi ileile. Wapo wanaoidharau albamu ya namna hii kwa kukosa wazo moja linaloishikilia. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo ndiyo inayoifanya iwe ushahidi mzuri, kwa kuwa hutuonyesha watu walikuwa wakisikiliza nini kwa wakati mmoja, zikiwemo nyimbo ambazo leo hakuna anayekiri kuwa aliwahi kuzipenda.

Kazi kubwa ya kuiunda hufanyika kwenye mikataba. Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili: haki ya rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi humilikiwa na kampuni iliyogharimia kurekodi, na haki ya utunzi, yaani maneno na muziki, ambayo ni ya mtunzi au mchapishaji wake. Anayetoa mkusanyiko hana budi kupata leseni ya kila rekodi kutoka kwa mwenye nayo, na pia kuhakikisha kwamba watunzi wanalipwa mirabaha yao. Fungu la wenye rekodi kwa kawaida hugawanywa kwa idadi ya nyimbo: katika albamu ya nyimbo 20, kila rekodi hupata sehemu moja kati ya 20, uwe ni wimbo uliomvuta mnunuzi dukani au ule ambao kila mtu huuruka. Si ajabu basi kwamba msanii mwenye jina kubwa huweza kukataa kibao chake kisiingizwe, hasa akihofia kwamba mashabiki watanunua mkusanyiko na kuiacha albamu yake.

Biashara hii ilipata umaarufu kupitia kampuni kama K-tel, iliyoanzishwa na Philip Kives huko Winnipeg, Kanada. Mwaka 1966 ilitoa mkusanyiko wa nyimbo 25 za kantri, na miaka iliyofuata ikawa ikitangaza santuri zake kwenye televisheni kwa bashasha ileile iliyotumia kuuzia vifaa vya jikoni. Kubana nyimbo nyingi kulikuwa na gharama yake. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33 kwa dakika hubeba takriban dakika 22 bila sauti kuharibika. Ukiweka nyimbo 10 upande huo, kila wimbo hubakiwa na dakika mbili na sekunde 12. Kwa hiyo beti zilikatwa, miisho ikafifishwa mapema, na mifereji ya santuri ikasogezwa karibu mno hata muziki ukapungua nguvu. Wengine walikwepa gharama ya leseni za rekodi kwa kuwapa waimbaji wasiotajwa majina kazi ya kuviimba upya vibao vya wenzao. Nchini Uingereza, santuri za bei rahisi za aina hiyo, zilizoitwa Top of the Pops, ziliwahi kufika kileleni mwa chati ya albamu mwaka 1971.

Baadaye kampuni kubwa ziliona hakuna sababu ya kuwaachia wengine faida hiyo. Novemba 1983, Virgin na EMI ziliunganisha hazina zao na kutoa Now That's What I Call Music (yaani "Huo sasa ndio muziki"), santuri mbili zenye nyimbo 30, kati yake 11 zikiwa zimefika namba moja Uingereza. Jina lenyewe, kwa kichekesho, lilitoka kwenye bango la zamani la kutangaza nyama ya nguruwe kutoka Denmark, lililomwonyesha nguruwe akimsikiliza kuku akiimba. Mikusanyiko iliitawala chati ya albamu kiasi kwamba Januari 1989 ilitengewa chati yake, ili albamu za msanii mmoja zipate nafasi ya kupumua. Now yenyewe iligeuka mfululizo: ule wa Marekani ulianza mwaka 1998, na mwaka 2018 ule wa Uingereza ulifikisha toleo la 100.

Siku hizi kazi ileile hufanywa na orodha za nyimbo kwenye programu za kusikilizia muziki kupitia intaneti. Tofauti ni kwamba orodha hizo hubadilishwa kila mara, na wimbo ulioondolewa hauachi alama. Santuri ya 1983 bado ina nyimbo zake 30 kwa mpangilio uleule, na ukiweka sindano upande wa kwanza, anayeanza ni Phil Collins.