Mbu, watoto wetu na degedege: majibu kwa wazazi wa Newala

Kwa nini shuleni watoto wanafundishwa kufuga mbu?
Hawafugi, wanachunguza. Mtoto anachota maji kwenye pipa la kwao, anayatia kwenye chupa inayoonyesha ndani, mdomo unafunikwa kwa kipande cha chandarua kuukuu na kufungwa kwa mpira. Viluwiluwi wanajinyonganyonga, wanageuka pupa, kisha mbu. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu ni kama siku 8 hadi 10. Wakishatoka, chupa haifunguliwi. Mwalimu anaianika juani mpaka wafe. Mtoto aliyeona hivyo haambiwi mara mbili kufunika pipa. Watu wazima ndio tunaowabembeleza.

Viluwiluwi wa malaria wanajulikanaje?
Wa Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wanaoning'inia kichwa chini ni wa mbu wengine, akiwemo Aedesi, anayeeneza dengi na chikungunya. Chikungunya yenyewe ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hukuhuku Uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na kila nyumba inayahifadhi. Mayai ya Aedesi hunata ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Sugua pipa. Vifuu vya nazi vilivyotupwa uani navyo viondolewe.

Nimempa panadol, homa imeshuka. Nisubiri?
Hapana. Panadol inashusha joto, haiui vimelea vya malaria. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Vidonge vya dawa mseto alivyobakiza kaka yake si tiba, ni nusu dozi.

Lakini degedege si ugonjwa wa hospitali, tuanze kwa mganga?
Hapana, jamani. Mtoto mwenye homa akikakamaa, akitetemeka na kugeuza macho, huku kwetu mara nyingi ni malaria iliyokuwa kali. Tunaletewa watoto wananuka moshi wa kufukizwa, wamelegea, hawamjui mama. Saa zilizopotea kwenye moshi ndizo zinazowaua.

Wazee wanasema sindano inamuua mtoto wa degedege.
Haimuui. Narudia: sindano haimuui. Anayefia hospitali baada ya kuchomwa sindano aghalabu amefikishwa akiwa amechelewa, kisha lawama inabebeshwa sindano.

Likimshika usiku?
Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si dawa, si maji. Likiachia au lisipoachia, ondokeni. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepoteza fahamu naye asisubiri kuche. Nendeni zahanati ya karibu, hata kama mnajua atapewa rufaa, kwa sababu pale anaweza kuanzishiwa dawa ya malaria kali kabla ya safari.